Gari Letu Halina Taa

Ukiwa na gari hapa kijijini kwetu Singe, huwi nalo peke yako. Hilo hakuna aliyetuambia siku tuliponunua. Tulidhani tumenunua gari dogo la mtumba la kumfikisha mume wangu mjini, kwenye duka lake la mbegu na dawa za mifugo, na kunishusha mimi shuleni njiani. Kumbe tulinunua gari la wagonjwa, gari la maharusi, na gari la kubeba masufuria ya msibani. Mtu anabisha hodi, shikamoo, marahaba, na kabla hajamaliza kuuliza habari za watoto unajua kinachotakiwa ni ufunguo.

Matengenezo ya gari hilo ni kazi yangu. Mume wangu hana mkono wa vyuma. Mimi nimelelewa na baba aliyekuwa na trekta bovu, na utoto wangu wote nilikuwa nikimshikia tochi na kumpa spana. Kwa hiyo kila Jumamosi kabla ya kufua nafungua boneti. Natazama oili, maji ya rejeta, nati za betri, kisha napima upepo wa matairi yote pamoja na lile la akiba, ambalo watu hulisahau hadi siku wanapolihitaji na kulikuta limelala. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna jirani atakayekuja kukupongeza kwamba gari lako halijaharibika.

Mwaka jana, kabla ya masika, nilimwambia mume wangu kwamba matairi ya mbele yamekwisha. Ukipitisha kiganja juu yake ilikuwa kama unapapasa bakuli laini la udongo. Nilimwambia mvua ikinyesha barabara yetu haitaki utani, huo udongo mweusi unajulikana. Akasema tusubiri tuuze mbaazi. Sikubishana naye. Nilikuwa na madaftari ya watoto sabini ya kusahihisha, na kubishana na mume wangu ni kazi ya siku nzima.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu anaendesha bajaji. Jioni moja ya mvua alikuwa amepanda Mbulu kuzika baba yake mdogo, na mke wake akaja kwetu akisema kifua kinambana. Alikuja kwa miguu yake. Aliniachia watoto wake, akanionya nisiwape chai yenye sukari nyingi maana hawatalala, akajitanda kitenge kichwani, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango mwenyewe. Hakuwa na sura ya mtu anayekufa. Nilibaki na watoto, mume wangu akampeleka.

Alirudi usiku amejaa tope hadi magotini. Akasimama mlangoni, akanitazama, kisha akawatazama wale watoto waliolala kwenye mkeka, na nikajua kabla hajasema. Alichoniambia ni kwamba walikwama kidogo njiani, na walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata wangefika mapema pengine isingesaidia. Madaktari wanajua kusema hivyo, na pengine ni kweli. Wiki ileile ya mazishi mume wangu alinunua matairi manne mapya, bila kungoja mbaazi.

Halafu taa za mbele zikafa.

Alinipa taarifa hiyo mezani, akichambua samaki, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Nikamwambia Jumamosi nitaangalia. Akasema hapana, mambo ya umeme nimwachie, atampitia fundi wa mjini. Fundi hakupitiwa wala hakuja. Tangu siku hiyo, mtu akibisha hodi jua likishazama, mume wangu alitoka nje, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akasema, "Gari haina taa, ndugu yangu." Na kweli, nani atamlazimisha mtu aendeshe gizani?

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtaa wetu una mafundi wengi kuliko wakulima. Kila mwanaume alikuwa na ushauri. Mmoja alisema tatizo ni vioo vya taa kupauka, visuguliwe kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Mwingine akasema tuachane na balbu za zamani, tuweke zile nyeupe kali zinazofanya usiku uwe mchana. Mzee mmoja kutoka Mbulu akapinga, akasema taa nyeupe kwenye ukungu wa milimani ni sawa na kumulika ukuta, njano ndiyo taa. Wa nne akaonya kwamba balbu kali kupita kiasi zinayeyusha soketi, lazima zipate waya wake wenyewe kutoka kwenye betri. Mume wangu aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, na hakufanya hata jambo moja. Mimi ningeulizwa ningesema kwamba magari mengi hayahitaji taa mpya, yanahitaji vioo safi, waya uliokazwa vizuri na taa zilizoelekezwa chini kidogo ili mwenzako asipofuke. Lakini sikuulizwa.

Jumamosi moja niliona alama za vidole kwenye vumbi juu ya kisanduku cha fyuzi, pembeni ya betri. Mimi sikuwa nimekigusa kwa muda mrefu. Nikafungua kifuniko. Pale palipochorwa taa ya kushoto palikuwa wazi, na palipochorwa taa ya kulia palikuwa wazi. Zilizobaki zote zilikuwa mahali pake, nzima. Fyuzi haziungui zikayeyuka hewani. Mtu alizing'oa, na mtu mwenyewe alikuwa ndani anakunywa uji.

Nilirudisha kifuniko, nikaenda kufua. Ningeweza kumuuliza, ila nilijua jibu. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na nikiwa nimechoka kiasi kile siwezi kubeba mambo mawili. Na niseme ukweli, hata mimi nilianza kulala vizuri.

Wagonjwa hawakuisha, bila shaka. Walipoambiwa gari halina taa waligeuka, wakaenda nyumba ya tatu. Yule jirani yetu, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyewasha bajaji na kuwapeleka, mama wajawazito na wazee wenye presha, wakitikiswa njia nzima. Kila nikisikia ile bajaji ikipita jioni nilimtazama mume wangu, naye alitazama redio. Siku hizo kwenda mjini alikuwa anapita njia ya nyuma, inayozunguka shamba la mahindi, ili asipite mbele ya nyumba ile.

Kisha jumuiya yetu ya kanisani ikatuhurumia. Watu wema wanachosha. Baada ya sala ya wiki, mwenyekiti alisimama akasema ndugu yetu huyu ametusaidia sana, gari lake limehangaika kwa ajili yetu, na sasa ni zamu yetu. Walikuwa wamechangishana kimyakimya. Akatoa boksi, na ndani mlikuwa na balbu mbili, zile nyeupe kali. Wakapiga makofi. Mume wangu alisimama kushukuru, akasema Mungu awabariki, akaketi. Nilimwona akijifuta mikono kwenye suruali.

Walikuja kuzifunga Jumapili jioni, wanaume kwa wanawake, na jirani wa bajaji akiwa ndiye fundi kwa sababu ndiye mwenye bisibisi za kila saizi. Mimi nilichemsha chai. Mume wangu alisimama karibu na mlango wa dereva kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi. Jirani alitoa balbu za zamani, akaziinua moja moja kwenye mwanga, akazitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaziweka mfukoni. Akafunga mpya. Mwenyekiti akamwambia mume wangu awashe.

Hakuna kilichowaka. Akazima, akawasha tena. Hapo kila mtu akawa na la kusema. Ni betri. Ni swichi. Ni panya, wamekula waya. Mwenyekiti akaanza kulaumu duka lililomuuzia. Jirani alizunguka upande wa betri, na nikasikia kifuniko cha kile kisanduku kikibanduka. Birika lilikuwa mkononi mwangu, na nikasahau kulitua.

Aliinama pale muda mrefu. Alipoinua kichwa alimtazama mume wangu, na mume wangu alikuwa anatazama chini. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama na vikombe, watu ambao wagonjwa wao walirudishwa mlangoni kwetu jioni baada ya jioni. Nilijua kwamba neno moja tu lingetosha, na kwamba tungehama Singe kwa aibu.

"Ni fyuzi," jirani akasema. "Zimeungua zote mbili."

Akaenda kwenye bajaji yake, akarudi na fyuzi za akiba, akazichomeka, akafunga kifuniko kwa kiganja. Taa zikawaka, nyeupe mpaka ukuta wa choo cha jirani wa pili ukaonekana kila tofali. Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakasema si tulisema. Jirani akaomba gari lirudishwe nyuma, akazishusha taa kidogo kwa bisibisi hadi akaridhika kwamba hazimpigi mtu machoni, kazi ambayo wengi huwa hawaifanyi. Tukasali, tukanywa chai, wakaanza kuondoka.

Yeye alibaki bombani ananawa oili. Mume wangu alimpelekea sabuni, na akakosa namna ya kuondoka. Mimi nilikuwa naokota vikombe hatua chache kutoka pale, na sikujisogeza.

"Hukutaka kuitwa tena," jirani alisema. Hakuwa anauliza.

Mume wangu alikubali kwa kichwa.

"Miezi yote hii unazunguka shambani usipite kwangu. Watu wananiambia pengine unaniogopa nitakulaumu. Sijawahi kukulaumu. Nilikuwa nangoja uje uniambie alisema nini. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi sina hata neno moja."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilimpelekea yule mwanaume chakula, nilimfulia mashuka, nilikaa na watoto wake, na haikunipitia akilini kwamba kitu alichokihitaji kilikuwa ndani ya nyumba yangu. Nilijisikia mchovu kuliko siku zote, nikakaa juu ya ndoo.

Mume wangu alianza vibaya, akaacha, akaanza upya. Akasema walikwama pale kwenye kalavati, matairi yakawa yanazunguka tu kwenye lile tope. Alishuka, akawa anatia mawe na majani chini ya gurudumu, mvua inampiga, na hasira zimempanda. Akasikia mlango wa upande wa pili ukifunguka.

"Akaniambia, shemeji, ngoja nishuke nisukume, wewe na hizi tairi zako mtalala hapa. Mguu mmoja alishautoa nje. Nikamfokea. Nilimwambia kaa ndani, ufunge mlango, usiniletee matatizo. Akacheka, akafunga. Nilipopanda nikadhani amenuna. Nikaendesha mpaka mjini nikidhani amenuna."

Bomba lilikuwa linamwaga maji na hakuna aliyelifunga. Jirani alishika uso kwa mikono yenye povu, mabega yakamtikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa anafanya yote.

"Angeshuka kweli," akasema. "Huyo angeshuka. Bajaji yangu aliisukuma ikiwa na abiria ndani, naye ana ujauzito wa miezi saba."

Mume wangu akasema nisamehe, nisamehe sana ndugu yangu, lakini mwenzake hakuwa anasikiliza hilo. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaketi chini, kwenye saruji yenye maji, akamvuta mume wangu suruali ili naye aketi.

"Hebu niambie tena," akasema. "Taratibu. Anzia pale alipofungua mlango."