Sahani Iliyorudi Tupu

Mwalimu wetu wa darasa la akina mama hapa Utange, msichana ambaye ningeweza kumzaa, alitwambia kila mmoja aandike kumbukumbu za maisha yake, na humo ndani ajipe nasaha yeye mwenyewe wa zamani. Nikacheka. Mimi wa miaka ishirini na minne niambiwe kitu nisikie? Thubutu! Mamangu mzazi alishindwa.

Lakini nyumba yangu ni kimya. Mume ametangulia mbele ya haki, wanangu wako Uarabuni, na redio nimeshaichoka. Basi nikachukua daftari, nikaandika: "Wewe binti, punguza hasira." Nikayasoma. Hata mimi hayakunigusa. Nikaona afadhali niandike kisa chenyewe.

Wakati ule mimi na dada yangu, aliyenipita miaka mitatu, tulikuwa tumeolewa Kisauni, nyumba zetu zatazamana. Mwezi wa Ramadhani, kila jioni aliniletea sahani ya futari, kaifunika kwa kawa la ukili. Nami sikuirudisha ila nimetia changu, hata kama ni tende tatu. Ndiyo ada yetu. Sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiirudisha tupu umemwambia basi, tumemalizana.

Siku moja tukichagua mchele na wanawake wa mtaani, dada akatia mzaha: "Huyu mdogo wangu tambi zake ukizitupa ukutani zaganda!" Wakaangua kicheko. Nilicheka nao, na moyoni nimefura. Magharibi yake akaniletea tambi za nazi zilizonukia iliki, nyingi kuliko siku zote. Sasa najua alikuwa akinitaka radhi. Nilizila zote, wallahi, tena tamu. Kesho yake nikaiosha sahani, nikaifunika kawa lake, nikampelekea mwenyewe mkononi.

Akainua kawa, akatazama ndani. Alitazama kwa muda. Kwa ujeuri wangu nikadhani akagua kama imetakata. Akasema, "Haya, ahsante."

Jioni ile sikuletewa kitu. Baada ya Idi dada na mumewe walihamia Likoni, na tangu hapo tukikutana ni matangani: salama, salama, kila mtu na njia yake. Wasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi hata kuinama sikuinama, miaka thelathini yote hii. Nimezika mume bila dada ubavuni. Alikuja, akakaa mkekani na watu wengine, akaondoka na watu wengine.

Juzi, nilipofika hapo katika kuandika, kalamu ilinikataa. Nikainuka nikapika tambi, nikazipakua sahanini, nikazifunika kawa, nikavuka nazo hadi Likoni. Mpwa wangu alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mpelekee mamako. Mwambie ni mimi."

Akaingia nazo. Nikakaa barazani. Ndani nilimsikia dada akikohoa, kikohozi chake kilekile cha utotoni. Nilitamani aniite, hata iwe kwa kunitukana. Nilikaa sana, mpaka jua likanifikia miguuni. Mwishowe mpwa akatoka na sahani yangu, imefunikwa, naye hanitazami usoni.

"Mama asema ahsante. Amepumzika kidogo."

Kwenye feri niliipakata sahani. Kwa uzito wake nilijua haina kitu. Na bado niliinua kawa, nikatazama ndani, nikatazama kwa muda. Mama mmoja kando yangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia la, sijapoteza.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari. Yale ya hasira nikayafuta. Nikamwandikia yule binti: dada hakuwa akikagua sahani. Alikuwa akitafuta tende, hata moja.