Aliyeonja Kwanza

Kwetu Muyinga mwenye kinywaji huonja kwanza, ili wageni wajue hakina sumu. Kwa hiyo, nilipoikuta juisi niliyoitengeneza mwenyewe ya marakuja, yaani pasheni, kwenye maabara ya Gitega, anakofanya kazi binti yangu, niliinyanyua ninywe mbele ya wenzake.

“Baba, weka chini! Nimetia vijidudu humo makusudi!”

“Mwanangu, unaniharibia juisi?”

“Naipima kama inaua vijidudu. Vikifa, utaiuza madukani. Visipokufa, mtainywa wewe na mama.”

Wote walicheka. Mimi nikaondoka bila kumuaga, jambo ninalolijutia mpaka leo.

Baadaye alikuja nyumbani, akafungua chupa mpya mbele ya majirani, akaonja kwanza yeye.

“Vimekufa vyote, Baba,” akasema, akanipa.

Nilikunywa huku nikicheka, juisi ikanimwagikia shatini.