Chapati za Mama Mueni

Ati vitamini haiwezi kudhuru mtu? Weka hiyo chupa ya shangazi yako chini nikwambie, na usicheke, maana kuna boma huko Riruta mpaka leo nikipita hapo naangalia upande wa pili wa barabara.

Wafula alikuwa rafiki yangu, mtu ningepigana kwa sababu yake (na nilipigana, zaidi ya mara moja). Daktari alimwambia ana seliaki, yaani ngano inamuumiza utumbo, kwa hivyo mkate, mandazi, chapati, aache yote, maisha yake yote, dawa ni hiyo tu. Akaacha, tumbo ikatulia, akaanza hata kujaza shati. Halafu siku ya kujulishwa kwa kina Mueni, mchumba wake, ikakaribia, akaogopa, wakimwekea chapati atasema nini? Mimi, na elimu yangu ya magazeti ya kufungia nyama, nikamwambia huyo daktari ni wa zamani, utumbo umekosa nguvu tu, nikaenda mjini kwa jamaa mmoja karibu na soko nikamletea vidonge vya vitamini, jamaa aliapa ukimeza hivyo unakula ngano kama watu wengine.

"Una hakika?" Wafula akaniuliza.

"Mimi nikudanganye wewe?"

Akavimeza. Siku ikafika. Mama Mueni akaleta kuku, ugali na rundo la chapati (na wakati huo chapati ilikuwa ya Krismasi, mama wa watu aliamka alfajiri kuzisukuma). Wafula akanyoosha mkono kwa ugali. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikamwekea chapati mimi mwenyewe, nikamwambia mzee, baba yake Mueni, "Huyu, chapati ndiyo chakula yake." Akala. Nikamwongeza.

Wazee wa kanisa walioalikwa wakaongea, wakaomba, wakaongea tena, na Wafula jasho linamtoka, mpaka akainuka kukimbilia choo cha nje na hakufika, akatapika pale mlangoni, na suruali, hiyo acha tu. Sasa mimi badala ya kunyamaza hasira ikanipanda, nikamgeukia Mama Mueni mbele ya wazee wote wa kanisa: "Mmemwekea nini kwa chakula?"

Wafula, ameshika ukuta, akasema, "Wacha mama wa watu. Ni ngano. Daktari alinikataza."

Mama Mueni alinipita tu. Alimwendea yeye na maji. "Mwanangu, si ungeniambia tu? Ugali ilikuwa hapo."

Wafula alilala hospitali, akatoka shati inamning'inia. Mueni alimngoja, wakaoana. Harusi nilisimuliwa na watu, kwa sababu mzee alisema mimi nisikanyage kwake, na Wafula hakunitetea. Ningekuwa yeye, pia nisingemtetea mtu kama mimi.

Tangu siku hiyo mgonjwa namsindikiza mpaka mlango wa daktari, nangoja kwa benchi, mdomo nimefunga. Sasa wewe, daktari wa shangazi yako umemuuliza?