Ng'ambo ya Ikweta

Jana binti yangu alirudi na swali la shule: ikweta ni nini? Nikamjibu kwa ukali, ni mstari wa kufikirika unaoigawa dunia nusu mbili, andika ulale. Akaandika, akaenda kulala. Hana kosa, maskini. Ni mimi na huo mstari tuna mambo yetu.

Wewe mwenzangu, tuliyekua pamoja Changamwe, unazikumbuka asubuhi zile: mahamri yananukia, matrela yanatoa moshi, sisi watoto na mitungi kwenye foleni ya maji. Baba yangu aliendesha trela kupeleka mizigo Uganda. Safari moja hakurudi. Nilipouliza, mama akasema, "Amekwama ng'ambo ya ikweta. Mstari umefungwa."

Nikaamini. Niliuona kabisa kichwani, chuma kirefu kama kizuizi cha polisi, na baba nyuma yake amezima injini, anangoja. Kila trela ikinguruma pale kilimani nilikimbilia barabarani. Wenzangu wanaruka kamba, mimi nawakodolea macho madereva.

Kisha mwalimu akaja darasani na chungwa, akalizungushia wino katikati. Akasema mstari huu hauonekani wala haugusiki. Nikanyoosha mkono.

"Sasa malori yanapitaje, mwalimu?"

"Yanapita tu, mama. Hata kuku anapita."

Darasa zima likacheka.

Nikamkuta mama uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, jirani kando anachambua mchicha. Nikasema, "Mama, ikweta haifungwi. Hata kuku anapita."

Mama hakuinua uso. Jirani ndiye aliyesema, "Haya shoga, mtoto kashakua huyu. Si umwambie tu babake kaoa huko?"

"Ushamwambia wewe," mama akajibu. Akakuna mpaka nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu. Wali wetu jioni ile ulikuwa na chembe nyeusi, tukaula hivyo hivyo.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Kwa baba, ndiyo, na kwa mama pia, Mungu amrehemu. Angeniambia kweli mapema ningelia wiki moja, yakaisha.

Siku hizi uani pale pamejengwa vyumba vya kupangisha, na mtu wa kugombana naye juu ya hayo sina tena. Lakini nikwambie wewe, maana mwingine sitamwambia: ninachokitamani ni ile miezi ya kungoja. Nilikuwa na baba anayetaka kurudi.