Kandambili Iliyovunjika Kama Sahani

Leo harufu ya kandambili mpya imenirudisha Jumatano ile, saa nne asubuhi. Mgeni wa somo la sayansi alileta darasani hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ilitoa moshi bila moto, wenzangu wakakimbia: “Ni bulozi, atatuloga!” Mimi mwenye haya nikabaki, nikampa kandambili yangu moja. Akaichovya humo, ikakauka kwa baridi kali, akaiangusha, ikapasuka vipande.

Nilipofika nyumbani, vipande vilikuwa vimelainika tena.

“Weye, ulikata na kisu,” mama akasema. “Omba musamaha, nikupe viatu vya dada yako.”

“Hapana, mama. Ilivunjika sawa sahani.”

“Mupira ivunjike sawa sahani? Basi utaenda vile!”

Asubuhi iliyofuata nilikwenda shule mguu mmoja peku, na kila aliyenicheka nilimweleza kilichotokea, kwa sauti.