Nyota Tano kwa Mke wa Mtu

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuona. Nilikuwa dereva wa wageni. Alfajiri natoka Karatu na gari limejaa watu wenye kamera, tunapita geti la Ngorongoro, tunashuka bondeni kwenye kreta, na wote wananitazama mimi niwaonyeshe. Niliweza kumtofautisha faru na jiwe wakati madereva wenzangu bado wanapangusa darubini. Simba kalala kwenye majani, sikio moja tu limejitokeza, mimi nimeshasimamisha gari. Nilijisifu sana kwa macho hayo, tena mbele za watu. Nalisema hili mapema ili aibu ninayokuja kuieleza ijulikane ukubwa wake.

Mke wangu alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Watoto Mungu hakutujalia. Nilipostaafu nilirudi kwenye nyumba ambayo niliijenga mimi lakini aliyeishi ndani yake ni yeye, na nikagundua siifahamu. Sikujua bati lipi linavuja wala ufunguo wa stoo unawekwa wapi. Miaka yote ile safari moja ilikuwa siku sita, saba, wakati mwingine kumi. Nikifika nyumbani nalala, nafuliwa nguo, nakula chakula cha moto mara mbili, halafu ofisi inapiga simu. Yeye alinisindikiza mpaka kwenye lango la michongoma, akarudi ndani. Alirudi kufanya nini humo ndani peke yake, sikuwahi kumuuliza.

Picha zake zilikuwa chache. Za harusi zililiwa na mchwa pamoja na sanduku lenyewe. Kadi ya mpiga kura imefifia mpaka yamebaki masikio na ukosi wa gauni. Iliyobaki ilikuwa moja, ndogo kama kiganja, aliyopigwa siku kwaya ya akina mama wa kanisani ilipokwenda kutembea Ngorongoro. Juu pale ukingoni, magari yote yanaposimama watu watazame chini, enzi hizo alikuwepo mpiga picha mwenye koti jekundu. Koti halikuwa lake la kuvaa. Akina mama walipanda na vitenge vyepesi, baridi ya kule wanaisikia kwa habari tu, kwa hiyo alimvalisha mmoja, akampiga picha, akamvua, akamvalisha mwingine. Nusu ya akina mama wa upande wetu wa umri ule wana picha ndani ya koti hilohilo, kreta ikiwa nyuma yao.

Siku hiyo mimi nilikuwa chini na wageni. Mke wangu kwenye picha haangalii kamera. Anaangalia chini, pembeni. Niliporudi nyumbani aliniambia, "Nilikuwa nakutafuta. Magari yote yanafanana." Tukacheka, nikalala.

Uso wake kwenye picha hiyo ulikuwa mdogo kama punje ya hindi. Nilipoona kwenye simu duka la mtandaoni la Dar es Salaam linalokuza picha za zamani na kuzitengeneza zilipoharibika, nililipa bila kuuliza bei mara mbili. Walitaka picha yenyewe, siyo ya kupigwa kwa simu. Unaituma kwa basi, wanakurudishia pamoja na ile kubwa iliyotiwa kwenye fremu. Nikaifunga katikati ya makaratasi magumu mawili, nikaipeleka ofisi ya basi.

Boksi lilikuja baada ya wiki mbili. Nikalifungua mezani. Koti jekundu, kreta, ukungu, na mwanamke ananitazama usoni moja kwa moja, anatabasamu. Nilishangaa kidogo kwamba macho yameinuka. Nikasema teknolojia ya siku hizi haina mchezo, kama wanaweza kuziba mkunjo basi wanaweza kugeuza na macho. Nasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba sasa ananitazama. Hata ile picha ndogo sikukumbuka kuitafuta kwenye boksi.

Nikapigilia msumari mkabala na kiti changu. Duka likaniuliza kwenye simu kama nimeridhika, nikabonyeza nyota tano na kuandika: "Nimepokea mzigo wote. Ni mke wangu kabisa. Mungu awabariki."

Siku tisa niliishi naye. Asubuhi nikitoka chumbani namsalimia. Nilimweleza kwamba mbaazi mwaka huu zimekubali, kwamba bomba la mtaani linatoa maji Jumanne na Ijumaa tu, kwamba jirani amekata ule mgrevilea uliokuwa unampa kivuli akifua. Siku ya sita au ya saba, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilikuwa nawaonyesha watu baki chui na vifaru, na nyumbani alikuwepo mtu anayetaka kuonwa. Nililia, na nikajisikia mwepesi baada ya hapo.

Siku ya kumi akaja shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, anayelima Mbulu. Huja mara mbili kwa mwaka na maharage kwenye ndoo. Akaweka ndoo chini, akaangalia ukutani.

"Shemeji, huyu ni nani?"

Nikamwambia asinitanie.

"Sikutanii. Huyu nani umemtundika?"

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema dada yake alikuwa na mwanya, huyu hana. Dada yake alikuwa na kovu la moto chini ya jicho tangu utotoni, huyu liko wapi? Alisema taratibu, bila kunilaumu, na ndivyo ilivyouma zaidi. Mwanya niliukumbuka aliponitajia. Kovu sikulikumbuka hata aliponitajia.

Shemeji alipoondoka nilikuwa nimeshika simu. Niliandika kwamba picha waliyonitumia si ya mke wangu, wanirudishie pesa yangu na picha yangu ndogo. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Mpendwa mteja, tumepokea malalamiko yako." Kesho yake likaja lingine. Mpendwa mteja, bidhaa hurudishwa ndani ya siku saba, na wewe una siku kumi na moja. Mpendwa mteja, wewe mwenyewe ulithibitisha kupokea mzigo wote, kwa hiyo oda yako imefungwa. Chini yake walikuwa wamebandika maneno yangu na nyota zake tano. Ni mke wangu kabisa.

Nilipiga simu, nikaambiwa nibonyeze moja, nibonyeze mbili, nikapigiwa muziki mpaka salio likaisha. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba ni wezi. Pesa ningeweza kuisamehe, lakini ile picha ndogo ilikuwa kwao, kama haijatupwa, na pasipo hiyo sikuwa na mahali pengine pa kumwona mke wangu hapa duniani. Wakanijibu, mpendwa mteja, tunaomba lugha ya staha.

Shemeji akanishauri kwa simu. "Waambie macho yako mabovu. Mzee gani hana mtoto wa jicho?"

"Macho yangu mazima."

"Watajuaje?"

Mwaka huo huo nilikuwa nimepimwa macho hapa Karatu nikihuisha leseni, nikasoma herufi mpaka mstari wa mwisho, daktari akanisifu. Nilijaribu uongo mwingine. Niliandika kwamba aliyepokea mzigo na kubonyeza nyota ni mtoto wa hapa nyumbani. Kabla ya kutuma niliinua kichwa nikaangalia sebule yangu. Kiti kimoja kimebonyea, vingine vitatu bado vina vitambaa alivyofuma marehemu, havijakaliwa. Mtoto gani? Nikafuta.

Asubuhi iliyofuata nilikunywa chai, nikavaa miwani ya kusomea, nikaandika kwa kidole kimoja. Nimeitunza mpaka leo:

"Aliyeandika ni mke wangu kabisa ni mimi. Sikudanganywa na mtu. Nilimwangalia mwanamke mwingine siku tisa na sikujua kwamba siye. Mke wangu amekufa miaka kumi na mmoja na uso wake umenitoka, na alipokuwa hai sikuwa nyumbani. Hamna kosa la kufunga oda. Pesa kaeni nayo. Naomba tu mtafute picha ndogo ya mama aliyevaa koti jekundu, anayeangalia chini. Sina nyingine."

Nilituma haraka kabla sijajionea haya. Halafu nikaenda kupalilia mbaazi ambazo hazikuhitaji palizi.

Mchana simu ikaita. Sauti ya binti. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Alisema yeye ndiye aliyekuwa ananijibu siku zote hizo, anaomba radhi. Alisema picha ndogo ipo, ameishika mkononi. Fundi alichanganya oda mbili kwa sababu ya koti, na mteja wa pili alirudisha ile ya mke wangu siku hiyohiyo.

"Siku hiyohiyo?"

"Alipofungua tu, baba. Alisema huyu siye mama yangu."

  Kisha akasema pesa yangu itarudi yote, na watanitengenezea picha sahihi bila malipo, ila niwarudishie yule mama, watoto wake wanamsubiri. Nikasema sawa. Nikadhani amemaliza.

"Baba, hapo nyumbani uko na nani?"

"Nipo," nikamjibu.

Pesa iliingia kwenye simu kabla jua halijazama. Nilishinda ule mgogoro, kama ni kushinda. Nilisoma ujumbe mara moja tu, na sikuwa na mtu wa kumwambia zaidi ya aliyekuwa ukutani. Nikamwambia yeye.

Kesho yake nilimshusha. Nilimfuta vumbi, nikamfunga kwa kitenge kisha kwa boksi, maana barabara ni ndefu. Nilimwomba radhi kwa maneno yasiyomhusu niliyomsikilizisha. Pale ofisi ya basi karani akaniuliza ndani kuna nini, nikasema mama wa watu. Akaandika "picha".

Ukuta ulibaki na msumari. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu nikiuangalia, na kilichonisumbua hakikuwa msumari. Nilikuwa nikijiuliza ule msamaha niliouomba umekwenda kwa nani. Na nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia shemeji wala yule binti: boksi litakuja, nitalifungua, na sitajua. Wanaweza kunitumia mwanamke wa tatu, wa nne, akina mama wote waliowahi kuvaa lile koti, na mimi nikawasalimia mmoja mmoja.

Lilipofika sikulifungua. Nililiweka mezani, nikampigia shemeji.

"Fungua mwenyewe, shemeji. Mimi niko shambani."

"Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. Alikuja siku ya pili yake kwa gari la kwanza, safari hii bila ndoo. Hakukaa. Alichukua kisu jikoni, akakata kamba, akatoa ile bahasha ndogo kwanza, akachungulia, akaiweka mezani. Kisha akaitoa kubwa na kuielekeza kwake, mgongo wake ukiwa kwangu, kama mtu anayesoma barua ya msiba kabla hajaisoma kwa sauti.  Niliona anajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Ndiye," akasema, akaigeuza.

"Najua," nikasema.

Sikuwa najua. Koti lilikuwa lilelile na kreta ileile, na uso ulikuwa wa mama mmoja wa Karatu anayesikia baridi. Mwanya haukuonekana, maana midomo ilikuwa imefungwa. Kovu lilikuwepo. Nilisogea karibu nikamtazama kama nilivyokuwa natazama majani ya kule chini, kwa subira, nikisubiri kitu kijitokeze, na uso haukuniambia neno. Ila hakuwa ananiangalia mimi. Macho yake yalikuwa chini, pembeni, kule magari yalikokuwa, ananitafuta.