Stika Iliyobaki kwenye Ndoo

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa nne, saa tano asubuhi, nilifiwa na binti yangu. Alikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Ruangwa. Homa ilimwanza Jumapili. Simu iliponifikia nilikuwa shambani Kilimarondo, nalinda mahindi yasiliwe na tembo, na nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Tulimzika nyumbani kesho yake. Nayaandika haya kwanza ili nisije nikayazunguka.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Kutengeneza stika alinifundisha yeye.

Karatasi ya maelekezo ya shule ilisema kila kifaa cha mwanafunzi kiwe na jina lake kamili: godoro, tranka, ndoo, jembe, sahani, kikombe, kila kitu. Nachingwea mjini wapo vijana wanaochapa stika kwa mashine, nikasema tutapita kwao. Yeye akakataa, akasema tutatengeneza wenyewe, ameona rafiki yake akifanya. Tukanunua manila nyeupe moja, maka peni nyeusi, seloteipu pana na ile nyingine yenye gundi pande zote mbili. Mama yake akatutandikia mkeka barazani, tukakaa tangu baada ya chai mpaka adhuhuri.

Yeye aliandika, mimi nilikata kwa rula na wembe. Aliandika majina matatu, lake, langu na la babu yake. Akimaliza moja anaacha wino ukauke, anaifunika kwa seloteipu, kisha anaisugua na kitambaa mpaka hewa yote itoke. Alinionyesha kukata kona ziwe za mviringo. Alisema kona kali ndiyo huanza kuinuka, na ikiinuka kona moja, stika yote haikai. Mimi nikamgombeza kwamba anaandika herufi kubwa mno, anatumalizia manila. Zilizofuata aliziandika ndogo. Hilo nalikumbuka kuliko ninavyopenda.

Tulipofika kwenye ndoo, seloteipu ya pande mbili ikawa imekwisha. Nikachukua solusheni ninayozibia viraka vya baiskeli. Nikaikwangua ndoo kwa msasa, nikaikwangua na stika kwa nyuma, nikapaka kote kuwili, nikangoja ikauke kidogo kama inavyofanywa kwenye tyubu, ndipo nikaigandamiza kwa kiganja na kuhesabu hadi mia. Alicheka sana.

"Baba, hiyo ndoo umeiziba pancha."

Baada ya mazishi mwalimu mmoja alituletea vitu vyake. Stika za sahani na kikombe zilikuwa zimeondoka na maji ya kuoshea. Ya tranka ilikuwa imechanika, imebaki nusu, na ya godoro haikuwepo kabisa. Ndoo haikuwemo. Mwalimu alisema labda imechanganyika na za wenzake. Sikuuliza zaidi. Siku ile ndoo haikuwa kitu kwangu.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Nimeoa kwao na ninaishi kwao, na neno la mwisho juu ya watoto wangu ni la kaka wa mke wangu, mjomba wao. Sina ugomvi na hilo, maana kwa dada zangu na mimi ni mjomba vilevile. Siku ya arobaini, baada ya dua, nguo zake na madaftari yake viligawiwa kwa ndugu. Halafu mjomba akatangaza kwamba jina la marehemu amepewa mtoto wa mdogo wake mke wangu, mtoto wa miezi saba, ili lisipotee. Nikaomba tungoje angalau mwaka. Akaniangalia kwa huruma, kwa sababu si mtu mbaya.

"Shemeji," akasema, "wewe umezaa. Jina ni letu."

Toka siku ile naamka nasikia jina la binti yangu likiitwa uani, mtoto ananyamazishwa kwa jina hilo, anapewa uji kwa jina hilo. Na kwa kuwa baba yake ni mwanamume mwingine, kwenye kadi ya kliniki jina hilo sasa linafuatwa na jina la mtu mwingine. Langu limetoka. Sikuwa na mahali popote ambapo lake na langu yalikuwa bado yameandikwa pamoja.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, alikuja kutusalimu binti wa jirani yetu, anayesoma shule ileile, kidato cha tatu. Akaniambia kule bwenini kuna mtu wanamwita kwa jina la marehemu. Nikamuuliza kama ndilo jina lake. Akasema hapana, ni la ndoo. Ile ndoo ilibaki uvunguni mwa kitanda na hakuna aliyetaka kuigusa. Wasichana walisema ukiijaza maji, ukirudi unakuta yamepungua. Msichana mmoja kutoka Malolo, aliyekuwa hana ndoo, ndiye aliyeichukua, na wenzake wakaanza kumwita kwa jina lililobandikwa ili kumtania, mpaka likamganda. Yule binti alikuwa anacheka huku anasimulia. Kisha akakumbuka anamsimulia nani, akainamisha kichwa.

Sikupata raha tena. Shule zilipofunguliwa nilimwambia mke wangu nakwenda Nachingwea kutafuta salfa ya kupulizia mikorosho. Nilimdanganya. Nilipita Nachingwea nikaendelea mpaka Ruangwa, nikiwa na wembe mpya mfukoni na petroli kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kwa sababu solusheni inalainika kwa petroli. Nilikuwa nimeamua nitaibandua ile stika, na ikikataa nitachukua ndoo yenyewe. Kwamba msichana yule atabaki bila ndoo nililifikiria, nikaliacha.

Matroni wa shule, mama wa makamo, alinipa pole upya, akanitolea kiti nje ya ofisi yake. Nikamweleza nimefuata ndoo. Hakushangaa. Alisema msichana yuko bombani, amemtuma mtu akamwite.

Kutoka pale kwenye kiti nilikuwa naona migongo ya wanafunzi waliopanga foleni ya maji. Mmoja akaita jina la binti yangu kwa sauti kubwa, vile anavyoitwa mtu anayechelewesha wenzake. Na katikati ya foleni sauti ikaitika.

"Abee."

Niliinuka. Sijui nilitaka kwenda wapi. Nasema kweli, kwa kitambo kama cha pumzi moja sikujua kwamba amekufa. Matroni akanishika mkono, nikakaa.

Msichana akaja ameikumbatia ndoo kifuani, imejaa. Akaitua chini, akapiga magoti, akaniamkia. Alikuwa mdogo wa umbo, kifua cha sare yake kimelowa maji. Stika ilikuwepo, kona zake nne zimelala. Majina matatu, kwa herufi ndogo, mwandiko wa binti yangu.

Hakungoja nimuulize. Alisema nisimkasirikie, alijaribu kuibandua kwa kucha, kwa kisu cha jikoni, hata kwa maji ya moto, ikakataa. Nikamwambia najua, niliibandika mimi. Nikamuuliza kama anachukia kuitwa hivyo.

Alimtazama matroni kwanza.

"Mwanzo nilichukia," akasema. "Walikuwa wananiambia mwenyewe atakuja kuchukua ndoo yake. Nikawa nangoja. Kumbe umekuja wewe."

Matroni akamkemea kidogo. Nikasema mwache. Nikamuuliza alimjua mwanangu vipi. Akasema vitanda vyao vilipakana, na kwa kuwa yeye alikuja bila ndoo, walikuwa wanatumia hii wote wawili tangu mwezi wa kwanza. Jumapili ile homa ilipompanda, yeye ndiye aliyemchotea maji kwa ndoo hiyo, akamkanda kichwa na mgongo mpaka gari la kumpeleka hospitali likaja.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Miezi yote nilikuwa nadhani alilala na homa peke yake.

"Alisema chochote?"

"Alisema maji ni ya baridi sana."

"Basi?"

"Basi. Nikaenda jikoni kuomba ya vuguvugu nikachanganye. Niliporudi alikuwa amesinzia."

Foleni bombani ilikuwa inasogea. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, nimeushika wembe ukiwa bado kwenye karatasi yake. Msichana akaona nimekaa muda mrefu, akadhani nangoja yeye. Akashika ukingo wa ndoo.

"Nimwage maji, baba, uichukue?"

Niliisoma stika tena, kutoka jina la kwanza mpaka la mwisho.

"Usimwage," nikasema.

Hakunielewa. Nikamwambia maji ni yake, na ndoo ni yake. Alinitazama, akamtazama matroni, halafu akavua kitambaa alichojifunga kiunoni, akakikunja, akakiweka kichwani na kusimama wima. Niliinama, nikainyanyua ndoo kwa mikono miwili, nikamtwika. Alisubiri kidogo mpaka maji yatulie, kisha akaenda zake bwenini.